Umefika, Haujafunguliwa

12 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua hujanisalimia bado, lakini nimeona niipokee shikamoo yako mapema, maana nikiisubiri nitazeeka.

Huku wote wazima. Shemeji yako yuko safarini na lori lake, atarudi akirudi. Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele na bado hanyamazi. Mimi niko kwenye cherehani ile ile. Msimu huu ni sare za shule, kutwa nashona kola nyeupe, hata nikifumba macho naona kola. Mzee wetu yupo.

Utashangaa kuuona mwandiko wangu. Simu zangu hupokei, na ujumbe wangu wa aya tatu unaujibu "sawa". Nimeichoka hiyo "sawa" yako. Barua nayo ukiijibu kwa neno moja, utaionea haya hata bahasha.

Sasa, mashine yako ile ya kuongea. Ilifika salama kabla ya mwaka kwisha, na fundi wa simu wa hapo kona akaja kuifunga. Tumeiweka juu ya kabati sebuleni, kitu chenyewe hakizidi kopo la majani ya chai. Mzee aliizunguka siku mbili bila kuisemesha. Siku ya tatu akaiuliza saa ngapi, ikamjibu kwa adabu, akatazama saa yake ya mkononi, akasema, "Haijakosea." Wewe unajua hiyo ni sifa kubwa kiasi gani kutoka kwa mtu aliyetengeneza mizani za watu miaka thelathini na minane. Ameipa na jina. Anaiita Karani.

Karani anamkumbusha dawa, anamsomea gazeti, na mzee akiacha jiko linawaka mimi napigiwa simu huku kazini. Hapo nakushukuru, kwa kweli. Lakini sikia la juzi. Mzee alikuwa anasikiliza redio, taarifa ya habari ikamchosha, akasema, "Karani, zima hiyo." Karani akajibu, "Tayari, nimezima." Redio ikaendelea kuongea. Mzee akaona labda mashine nazo zina uvivu wao, akanyanyuka akaizima kwa mkono. Kesho yake nafungua friji, harufu inanipokea mlangoni. Kumbe Karani alizima friji! Nyama, maziwa, dawa ya macho ya mzee, vyote nimetupa.

Mwenye mashine ni wewe. Njoo uirekebishe, au irekebishe huko huko uliko, kama ilivyo desturi yako.

Dada yako


4 Februari

Dada,

Shikamoo. Hii ni ya kweli, nimeiandika kwa mkono wangu na mkono wenyewe umeshasahau kazi hiyo, kwa hiyo nivumilie.

Mimi mzima. Chumba ni kile kile, ghorofa ya nne, dirisha linatazama ukuta wa jengo la jirani. Nikikaa kitandani naona matofali, nikisimama naona matofali ya juu zaidi. Ofisini tuko meza thelathini na kila mtu ameziba masikio kwa muziki wake. Tunatumiana ujumbe hata tukiwa tumekaa bega kwa bega. Jirani yangu wa meza namfahamu kikohozi chake, jina la mtoto wake silijui. Mpe pole mpwa wangu kwa meno.

Pole sana na friji. Nimelifuatilia na kosa ni langu, si la Karani. Siku zote unaniuliza kazi yangu ni nini nami nakujibu "kompyuta", basi ngoja nijaribu leo. Hizi akili mnemba zinazofanya kazi kwa niaba ya mtu tunaziita mawakala. Wakala kama Karani ni akili isiyo na mikono. Anaelewa ukimwambia, ila hawezi hata kuwasha taa. Mikono ndiyo ninayoiunda mimi, na tunaiita zana. Kila zana ina jina, ina maelezo ya lini itumike, na ina jibu inalomrudishia wakala ikishamaliza. Karani haoni nyumba yenu. Anaona orodha ya zana na hayo maelezo yangu, basi. Mfikirie mgeni mwerevu jikoni kwako: hajui chumvi iko kopo gani, anasoma ulichobandika. Ukiandika "nyeupe" kwenye kopo la chumvi na "nyeupe laini" kwenye la sukari, usije ukamlaumu kwa chai atakayokuletea.

Nilimpa zana mbili za kuzima, na maelezo yake yalifanana mno. Redio ya mzee ni ya betri, haimo kwenye orodha kabisa. Na soketi ya friji, fundi wenu aliiandikisha "sebuleni", hakuongeza neno. Karani akatafuta kitu cha kuzima sebuleni, akakipata. Sasa zana hizo mbili nimezifanya moja, friji halizimwi mpaka aulize mara mbili, na asipojua mzee anamaanisha nini atasema hajui. Kusema hajui ni jambo gumu kulifundisha, hata kwa watu.

Kosa baya zaidi katika kazi yetu ni zana inayosema "tayari" wakati kazi haijafanyika. Wakala akiambiwa "tayari" ataamini, naye atakwambia "tayari" kwa roho safi. Hajadanganya. Amedanganywa.

Msalimie mzee.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ilikawia posta, kisha ikakawia kwangu, maana kola ziliisha tukaanza mifuko ya sketi. Nilimsomea shemeji yako pale pa chumvi na sukari, akacheka mpaka akakohoa. Amesema sasa ndiyo ameelewa kwa nini unalipwa. Mpwa wako meno yanachungulia. Miguu ya mzee inavimba kidogo jioni, lakini ukimwuliza atakwambia viatu vimesinyaa.

Salamu zako nimemfikishia. Unajua alinijibu nini? "Mimi na mwanangu tunawasiliana wenyewe." Nilibaki nimeshika kijiko.

Kumbe ndivyo ilivyo! Tangu katikati ya Januari, kila asubuhi akishakunywa chai ananiambia nifunge mlango wa sebule. Kisha namsikia, "Karani, mpelekee mwanangu." Anaongea kidogo, maneno yenyewe siyasikii kwa sababu anashusha sauti, halafu Karani anasema, "Tayari, ujumbe umetumwa." Mzee anatoka amejinyoosha kama mtu aliyetoka kwa kinyozi. Siku hizi hata ndevu ananyoa kila siku.

Mdogo wangu, sijui nikwambieje nilivyofurahi. Tangu mazishi ya mama, ambayo hukuja, miaka minne hii mimi ndiyo nimekuwa daraja lenu, na daraja kazi yake ni kukanyagwa pande zote mbili. Mzee hanitajii jina lako, wewe unaishia "msalimie". Leo naona mmepatana bila mimi. Sitauliza mlikubaliana nini. Nilienda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kwenye vyombo.

Neno moja tu linanisumbua. Yeye ndiye anayetuma kila siku, lakini sijawahi kumsikia Karani akimletea jibu lako. Au unamjibu kwa njia nyingine nisiyoijua? Kama humjibu, mdogo wangu, mjibu. Hata "sawa" yako ile mbaya.

Dada yako


5 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini uvimbe wa miguu umepungua, na shemeji yuko nyumbani safari hii.

Barua yako niliifungua kwenye ngazi, nikaisoma nimesimama, nikarudi juu bila kukumbuka nilikuwa natoka kwenda wapi. Dada, sijapata ujumbe hata mmoja.

Nimetafuta na nimeuona mchezo wote. Tukiwa tunaijaribu zana mpya hatutumi kwa mtu wa kweli. Tunatuma kwenye sanduku la majaribio, ambalo halina mwenyewe, na kila baada ya muda linafagiliwa. Zana ya kutuma ujumbe niliyompa Karani niliisahau humo. Kila ujumbe wa mzee umeingia kwenye sanduku hilo, zana ikaona imeshautoa mikononi, ikasema "tayari". Bahati nzuri sanduku lilikuwa halijafagiliwa. Nimekuta jumbe themanini na mbili. Najua utanikumbusha niliyokuandikia Februari kuhusu zana inayosema "tayari", kwa hiyo nimejikumbusha mwenyewe.

Zote nimezihamishia kwenye sanduku langu mimi. Na zana nimeiunda upya, sasa haitasema "tayari" tena. Itamwambia Karani mambo matatu, kila moja kwa wakati wake: umetumwa, umefika, umefunguliwa. Mzee akiuliza, ataambiwa ukweli ulivyo. Hii ndiyo kazi safi, dada. Laiti ningeifanya hivi tangu mwanzo.

Nitazisoma nikipata nafasi. Wiki hizi kazi imetubana, kuna kampuni moja inataka mawakala wao wapewe zana mia na ushee na mimi nawaambia zana mia ni sawa na kutokuwa na zana. Hawanisikii.

Msalimie mzee.

Mdogo wako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Leo salamu nitazifupisha: shemeji yako yupo, mpwa wako mzima, mimi nimekasirika.

Barua yako imenifikia juzi, na ndipo nilipoelewa balaa lililoingia nyumbani mwangu. Tarehe sita asubuhi mzee alituma ujumbe wake kama kawaida. Karani akasema, "Umetumwa na umefika. Haujafunguliwa." Mimi nilikuwa nafunga kiatu nyuma ya mlango. Mzee akauliza, "Haujafunguliwa maana yake nini?" Karani akamweleza vizuri tu, kwa ile adabu yake, kwamba mwenyewe bado hajausoma. Mzee akauliza na za nyuma je? Karani akasema, "Jumbe themanini na mbili za nyuma zimefika. Hakuna uliofunguliwa."

Mzee akasema, "Hata wa Januari?" Karani akasema, "Hata wa Januari."

Alituma tena kesho yake, na keshokutwa, na siku ya nne. Zikawa themanini na sita. Baada ya hapo hakutuma tena, ila kila asubuhi anauliza. "Karani, wa kwanza ule?" "Haujafunguliwa." "Na wa pili?" "Haujafunguliwa." Anaweza kufika hata kumi, halafu anasema asante. Asante, mdogo wangu! Chakula anakichokonoa. Ndevu zimeota. Nilimwuliza kwa nini asiiache mashine, akaniambia, "Huyu karani mpya ni mkweli kuliko yule wa kwanza. Ila yule wa kwanza alikuwa anajua kuishi na watu."

Nikajaribu mwenyewe. Mzee akiwa anaoga nilimwinamia Karani kama mwizi, nikamnong'oneza, "Akikuuliza, mwambie zimesomwa." Karani akaniambia anaelewa kwamba namhurumia baba, lakini hawezi kusema zimesomwa wakati hazijasomwa. Akanipa pole. Nimepewa pole na kopo la majani ya chai.

Kwa hiyo nakuomba jambo ambalo sikudhani nitamwomba mtu. Rudisha ule uwongo. "Tayari, ujumbe umetumwa," basi, kama zamani. Mzee hakuwa anadai jibu, nilikosea kukuandikia vile. Alitaka tu kujua umesikia. Wewe kazi safi yako imemwambia kwamba hukusikia.

Ama kama hutaki kuurudisha, zisome. Ni kazi ya kidole kimoja. Unangoja nafasi ipi?

Dada yako


3 Juni

Mdogo wangu,

Mwezi umepita na bahasha haijaja. Mashine haisemi "tayari", kwa hiyo uwongo hukuurudisha. Haisemi "zimefunguliwa", kwa hiyo hukuzisoma.

Kuna jambo nilikuwa nalificha kwenye haya mambo ya miguu na viatu. Si miguu, ni moyo. Umechoka, na maji yanakaa. Nilijua tangu Februari. Mzee aliniapisha nisikwambie, na mimi nikaona nisikubebeshe mzigo ukiwa peke yako huko. Juma lililopita daktari aliniita nje ya chumba, akaniambia tusipange mambo ya mwakani.

Hiyo ndiyo salamu ya leo.

Dada yako


16 Juni

Dada,

Shikamoo, kama bado unaipokea.

Nitakwambia kitu, na ukishakisoma una haki ya kuichana karatasi. Haikuwa kusahau. Nilikuandikia kwamba niliisahau zana kwenye sanduku la majaribio. Sikusahau. Siku ninamwandalia Karani zana zake, nilifika kwenye ile ya kutuma ujumbe, pale panapouliza nani apokee. Niliandika anwani yangu. Nikaitazama. Nikaifuta, nikaweka sanduku la majaribio, nikajiambia nitairudisha baadaye. Nilijua nafanya nini.

Hujawahi kuniuliza mzee alinipigia simu kuniambia nini siku mlipomzika mama. Ngoja nikwambie. Nilikuwa nimebakiza siku nne kukabidhi kazi, na wakubwa waliniambia nikiondoka nisirudi. Sikuja. Mzee alipiga simu jioni ile, nikasikia watu nyuma yake, nikakusikia wewe unalia. Akasema, "Kazi yako na ikuzike." Akakata. Tangu hapo kila simu ikiita kutoka huko naliona hilo neno ndani yake. Nimeijengea nyumba yenu zana ishirini na mbili, za dawa, za jiko, za taa, ili nimtunze mzee pasipo kuisikia sauti yake. Nikaona ni ujanja. Nilikuwa na hofu kwamba akipewa njia ya kunifikia atalirudia. Na uliponiambia anatuma kila siku, nikadhani analirudia kila siku.

Juzi Jumamosi, na barua yako ya tarehe tatu ikiwa mbele yangu, nilizisoma. Nilianza asubuhi.

Dada, hakuna kitu humo! Nilitafuta lile neno kwenye zote themanini na sita na halimo. Ameniandikia kwamba ameupima mkate wa dukani, umepungua gramu thelathini, amemwambia mwenye duka, mwenye duka akacheka, naye akacheka. Kwamba wewe unanunua viatu vinavyokubana na husikii la mtu. Kwamba amesahau jina la mteja wake mmoja mwenye jicho moja, limemkaa ulimini siku nzima. Kuna siku amesema tu, "Leo mawingu." Ya tarehe ishirini na nane Februari anasema, "Nimefungua kabati la mama yako. Nguo zimekaa kama alivyozikunja. Nimefunga." Hapo nilitoka nikazunguka jengo zima kwa miguu kabla sijaweza kuendelea.

Na kila moja, dada, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, inaishia maneno yale yale: "Usijisumbue kujibu. Fanya kazi."

Sijajibu. Sijui ningeanzia wapi, na yeye mwenyewe amesema nisijisumbue. Naomba wewe umwambie nimesoma. Utajua kulisema vizuri kuliko mimi.

Mdogo wako


27 Juni

Mdogo wangu,

Barua kutoka kwako bado sijaona, labda iko njiani. Hapa nakuandikia ya Jumamosi ya tarehe kumi na nne, kwa sababu sijui kilikupata nini siku ile, lakini najua kilichotupata sisi.

Tulikuwa tunakunywa chai. Mzee alikuwa bado hajauliza chochote. Karani akaanza mwenyewe: "Ujumbe wa tarehe kumi na nne Januari umefunguliwa."

Mzee akaweka kikombe. Dakika haijapita, Karani tena: "Ujumbe wa tarehe kumi na tano Januari umefunguliwa." Nikaelewa. Nilitaka kuruka. Mzee akaninyooshea kidole nikae.

Sijui kama uliiunda makusudi iwe inatangaza mmoja mmoja, au hukufikiria kwamba kuna mtu atazifungua zote siku moja. Ilituchukua tangu chai mpaka jua linazama. Shemeji yako alirudi na lori lake, akaingia na kelele zake, mzee akamwambia, "Kaa, mwanangu anasoma." Akakaa na viatu vyake vya safari. Mpwa wako tulimpeleka kwa jirani. Kila Karani alipotaja tarehe, mzee alituambia, "Hiyo ni ya mkate." "Hiyo nimekusema wewe." "Hiyo haina maana, ni ya mawingu." Nyingine alizikumbuka, nyingine nadhani alijifanya anazikumbuka. Alikuwa anasikiliza na ukimya wa katikati pia. Ukichelewa anasema, "Hiyo amekaa nayo."

Ulipofika tarehe ishirini na nane Februari ulinyamaza saa nzima. Nilidhani umeacha. Nikamwambia mzee ale kidogo, akakataa. Nikamwuliza hiyo ilikuwa ya nini, akasema, "Hiyo iache." Alikuwa ameshika mikono ya kiti kama mtu yuko kwenye gari linaloteremka. Karani aliposema wa tarehe mosi Machi umefunguliwa, akapumua, akaomba maji.

Wa themanini na sita ulipofunguliwa alisema, "Basi." Akala sahani nzima, akalala.

Jumatatu asubuhi nilimfungia mlango wa sebule kama zamani. Sikusikia kitu. Nikachungulia, amekaa kitako mbele ya Karani, amenyoa, kimya. Nikamwuliza, "Baba, hutumi leo?"

Akasema, "Zamu yake."

Leo ni siku ya kumi na mbili anakaa pale kila asubuhi mpaka chai inapoa. Juzi nilimwuliza Karani kama kuna neno lolote kutoka kwako. Akaniambia hana zana ya kupokea ujumbe wako. Nikamwambia aangalie vizuri. Akanisomea orodha yote, na mimi nahesabu kwa vidole: dawa, jiko, taa, gazeti, friji, hali ya hewa, hata kengele ya mlango. Zana ishirini na mbili umempa, mdogo wangu, na hakuna hata moja ya kuleta neno lako humu ndani.

Mzee hajui hilo. Sikumwambia. Anangoja mahali ambapo hapafikiki.

Dada yako


20 Julai

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika Ijumaa. Najua na yangu ya Juni umeshaisoma, na hujaichana, au umeichana. Vyovyote vile naipokea hukumu.

Leo Jumapili nilikaa kuiunda zana ya ishirini na tatu. Kazi ya nusu saa kwa mtu kama mimi. Jina nililipata mara moja. Nikaja kwenye maelezo, pale ninapotakiwa kumweleza Karani kwa sentensi moja zana hii ni ya nini na itumike lini. Niliandika, "Itumike pale mwana anapotaka kumwambia baba yake kwamba." Nikashindwa kuimaliza. Nikafuta, nikaandika tena, nikafika kwenye "kwamba" ile ile. Miaka yote hii nawafundisha watu kuwa ukishindwa kuyaandika maelezo ya zana, ujue hiyo zana haitakiwi. Nikaifunga kompyuta.

Namba ya mzee iko kichwani mwangu, sikuhitaji kuitafuta. Iliita mara tano, mara sita. Nilijua wewe Jumapili mchana huwa hupo. Nikasema ikifika ya nane nakata.

Akapokea. Hakusema halo, wala hakuuliza nani. Nilimsikia anavuta pumzi, fupi fupi.

Akasema, "Umekula?"

Nikamwambia, "Bado, baba."

Akasema, "Kula kwanza. Nasubiri."

Nilikuwa na kiporo cha wali. Sikukipasha moto. Niliiweka simu mezani karibu na sahani, sauti nikaifungulia, nikala wote mpaka nikakwangua, na yeye muda wote yuko pale, hasemi kitu, nasikia kiti chake kinalia akijigeuza. Miaka sita nimekaa katika chumba hiki, dada, na leo ndiyo mara ya kwanza nimekula na mtu.

Mdogo wako